Uwajibikaji katika AMCOS na SACCOS: Maswali Ambayo Wanachama Huuliza Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika Tanzania, hasa AMCOS, yaani vyama vya wakulima vya kuuza mazao, zinazouza kwa stakabadhi ghalani (mazao huwekwa ghala kuu na kuuzwa kwa mnada), na pia SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo. Sheria inayovitawala ni Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 pamoja na kanuni zake. Chini ya sheria hiyo kila chama kina masharti yake, yaani katiba ya chama, yaliyosajiliwa na Mrajis, msajili wa vyama vya ushirika. Tunaposema "angalieni masharti yenu", ni kwa sababu hapo vyama hutofautiana na jibu la kubahatisha litawaponza. Kama hujawahi kushika nakala ya masharti ya chama chako, itafute kwanza.

Chama ni cha nani hasa: cha mwenyekiti, cha serikali au chetu?

Ni chenu. Mwanachama amelipa kiingilio, amenunua hisa, na ana kura moja, awe na hisa tano au mia tano.

Swali lenyewe lina historia. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza kujiunga pamoja miaka ya 1920, na KNCU, chama kikuu chao cha ushirika, ikaanzishwa mwaka 1933. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na vijiji, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kwa miaka hiyo mkulima alizoea kuona ununuzi wa mazao kama shughuli ya ofisi fulani inayokuja na mizani yake. Mazoea hayo hayajaisha: utasikia mwanachama akisema "chama chao" ilhali jina lake limo kwenye rejista. Serikali, kupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika na Mrajis, husajili, hukagua na kusimamia sheria. Mali ni ya wanachama, na hasara pia ni yao.

Mkutano mkuu, bodi na meneja: nani anafanya nini?

Mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho. Bodi huchaguliwa na mkutano mkuu ili isimamie kwa niaba yake. Meneja, mhasibu, makarani na mtunza ghala ni waajiriwa, na wanawajibika kwa bodi.

Mambo ambayo bodi haina mamlaka ya kuyamaliza yenyewe ni haya: kuchagua na kuondoa wajumbe wa bodi, kupitisha makisio ya mapato na matumizi, kuweka ukomo wa madeni, kupokea taarifa ya ukaguzi, kuamua ziada igawanywe vipi, na kubadili masharti. Makisio na ukomo wa madeni vikishapitishwa na wanachama hupelekwa kwa Mrajis kuidhinishwa. Bodi inayokopa kabla ya hatua hizo mbili imekopa nje ya mamlaka yake, hata kama fedha zimetumika vizuri.

Tatizo la kawaida ni mwenyekiti kugeuka meneja. Anashika ufunguo wa ghala, anaandika hundi, anaamua gari la nani libebe mzigo. Kuanzia hapo hakuna anayemsimamia mtendaji, maana msimamizi ndiye mtendaji. Vyama vidogo hujitetea kwamba havina fedha za kuajiri. Basi angalau gawanyeni kazi tatu kwa watu watatu: anayepima mazao, anayeandika stakabadhi, na anayeandaa orodha ya malipo. Mtu mmoja akishika zote tatu, wizi hauhitaji hata mshirika.

Fedha za chama hupotelea wapi?

Watu wengi hungoja kuona kasiki limevunjwa. Fedha za AMCOS mara chache hupotea kwa njia hiyo. Huondoka kidogo kidogo kwenye makaratasi ya kila siku, na sehemu zenyewe ni zile zile msimu hadi msimu.

Mizani. Chukulia chama kimekusanya magunia 3,870 ya korosho. Kila gunia likipunjwa kilo moja, hizo ni kilo 3,870. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, ni shilingi 11,610,000, na hakuna mkulima hata mmoja aliyehisi amepoteza zaidi ya kilo chache. Kupunja hufanywa kwa kukata uzito wa gunia tupu zaidi ya unavyostahili, kwa kushusha desimali ("52.7 andika 52"), au kwa mizani isiyoanzia sifuri. Mizani lazima iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na kuwa na alama ya uhakiki ya kipindi hicho. Kila asubuhi kabla ya kupokea mzigo wa kwanza, ipimwe kwa jiwe la uzito unaojulikana mbele ya wakulima waliopo. Kama chama hakina jiwe la mizani, mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa utaonyesha kama kuna kasoro kubwa. Hauchukui nafasi ya uhakiki rasmi.

Kilo hewa. Jina la mtu ambaye hakuleta mazao linaingizwa kwenye orodha ya malipo kwa kilo zilizopunjwa kwa wengine. Ndiyo maana kupunja na wakulima hewa huenda pamoja: kilo zilizoibwa kwenye mizani lazima zipate mwenyewe ndipo zilipwe.

Ghala la chama. Mazao hupungua uzito yakikauka, na hilo ni kweli. Lakini neno "unyaufu" limefunika wizi mwingi. Upungufu unaodaiwa uandikwe kwa kila shehena, siku ya kuondoka na siku ya kupokelewa ghala kuu. Jumla moja isiyo na maelezo, iliyoandikwa mwisho wa msimu, isikubaliwe.

Usafirishaji na vifungashio. Gari la ndugu wa mjumbe linakodiwa kwa bei isiyoshindanishwa. Magunia yanahesabiwa yalipoingia lakini hakuna daftari la yalivyotoka.

Pembejeo. Viuatilifu vinakuja kwa jina la chama, vinagawiwa bila sahihi, kisha deni linakatwa kwa kila mkulima sawa kwa sawa, hata asiyepewa. Fomu ya ugawaji iwe na jina, namba ya uanachama, kiasi, tarehe na sahihi au dole gumba la aliyepokea. Makato ya deni yafanywe kwa fomu hiyo tu.

Posho na safari. Kiasi cha kila safari huonekana kidogo. Jumla yake kwa mwaka huwashangaza wanachama pale tu inaposomwa kwa sauti.

Mimi si mhasibu. Nitajuaje kama hesabu za msimu ziko sawa?

Anza na kilo. Kilo ni rahisi kufuatilia kuliko shilingi, na kila mkulima anazielewa. Unahitaji jumla tatu:

1. Kilo zote zilizoandikwa kwenye stakabadhi walizopewa wakulima.
2. Kilo zote zilizopokelewa ghala kuu kutoka kwa chama chenu.
3. Kilo zote zilizolipwa kwa mujibu wa orodha ya malipo.

Tuseme stakabadhi za wakulima zinasema kilo 312,480 na ghala kuu limepokea kilo 309,900. Tofauti ni kilo 2,580, yaani karibu 0.83%. Huenda ni unyaufu, huenda ni wizi wa njiani. Muulizeni mtunza ghala shehena kwa shehena. Ikiwa shehena moja ya lori ina upungufu wa kilo 1,900 na nyingine zote zina kilo chache, si jua lililopunguza tani karibu mbili kwenye lori moja.

Ghala kuu likipokea kilo nyingi kuliko zilizo kwenye stakabadhi, msishangilie. Mazao yanayokauka hayaongezeki uzito. Ziada hiyo ni kilo za wakulima waliopunjwa, na swali la kuuliza ni jina gani limelipwa kwa ajili yake. Katika mikutano mingi upungufu huleta kelele na ziada hupigiwa makofi. Tunawasihi muiulizie ziada kwa ukali ule ule.

Jumla ya tatu ikizidi ya kwanza, kuna mtu amelipwa bila stakabadhi. Ikipungua, kuna mkulima bado anadai.

Ili jumla ya kwanza iaminike, vitabu vya stakabadhi lazima viwe na namba zinazofuatana zilizochapwa kiwandani, na kuwe na rejista ya kitabu kipi kilipewa karani yupi, kutoka namba ipi hadi ipi. Stakabadhi iliyoharibika isichanwe. Ipigwe mstari, iandikwe "imefutwa", na nakala zote zibaki kitabuni. Namba inayokosekana bila maelezo ihesabiwe kuwa ni fedha inayokosekana. Nawe usikubali kuondoka kwenye mizani na karatasi ya daftari yenye kilo zilizoandikwa kwa penseli, hata kama karani ni jirani yako.

Bei ya mnada ilikuwa kubwa lakini nimepokea pungufu. Makato haya yanatoka wapi?

Chukua mfano huu, ambao tarakimu zake ni za kufundishia tu. Mnada umefungwa kwa shilingi 3,000. Usafirishaji hadi ghala kuu 55, gharama za ghala 40, ushuru wa chama cha msingi 60, chama kikuu 30, magunia 25. Jumla ya makato ni 210, na mkulima anabaki na 2,790 kwa kilo. Aliyeleta kilo 310 anastahili 864,900, kisha deni lake la pembejeo, kama lipo na alisaini, ndipo lipunguzwe.

Kila kato lijibu maswali matatu: nani aliliamua, lini, na fedha zake zinakwenda akaunti ipi. Makato ya chama cha msingi hupitishwa na mkutano mkuu kwenye makisio. Mengine huwekwa kwa miongozo ya zao husika. Jedwali la makato libandikwe kwenye mbao za matangazo kabla ya mnada wa kwanza. Kato ambalo halimo kwenye jedwali na limejitokeza kwenye malipo lirudishwe au lielezwe kwa maandishi.

Mchango wa dharura unaokatwa "kwa makubaliano", kama wa ujenzi wa ofisi au zahanati, ndio unaoleta ugomvi mkubwa zaidi. Unaweza kuwa jambo jema kabisa. Lakini usipokuwa na azimio la mkutano mkuu lenye kiwango, muda wa kuanza na kuisha, na akaunti yake, msimu wa tatu hakuna atakayekumbuka ulianza kwa nini, na bado utakuwa unakatwa.

Mkutano mkuu ufanyikeje ili maamuzi yake yasimame?

Taarifa itolewe kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa na masharti, ikiwa na ajenda, mahali na saa. Taarifa ya hesabu na makisio zigawiwe kabla ya siku ya mkutano. Makablasha yanayogawiwa mlangoni hayasomwi, na wanaoyagawa hivyo wanajua.

Akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwepo, ihesabiwe kwa watu waliopo na kulinganishwa na rejista ya wanachama hai. Hapa ndipo udanganyifu mwingi hufanyika: karatasi ya mahudhurio inazungushwa kijijini siku mbili baada ya mkutano, au majina ya marehemu yanabaki kwenye rejista mpaka mtu anapoyasainia. Chagueni wanachama wawili wasio wajumbe wa bodi wahesabu watu kabla ya kufungua mkutano, na idadi hiyo iandikwe kwenye muhtasari saa hiyo hiyo.

Kipengele cha "mengineyo" kisipitishe jambo lenye fedha. Mkopo, uuzaji wa kiwanja, ununuzi wa gari au nyongeza ya posho ambayo haikuwemo kwenye ajenda ingoje mkutano mwingine. Sababu ni kwamba waliobaki nyumbani walibaki kwa kuamini ajenda waliyopewa.

Muhtasari uwe na azimio lenyewe kwa maneno kamili, kura za ndiyo na hapana, na jina la mwenye kutekeleza pamoja na tarehe. "Wajumbe walijadili na kukubaliana" haimfungi mtu yeyote. Mkutano unaofuata uanze na yatokanayo: azimio hili limefanyika, hili bado, kwa nini.

Nani asichaguliwe kwenye bodi?

Masharti na kanuni zina orodha ya sifa, zisomeni kabla ya kupokea fomu. Tunachotaka kusisitiza ni mgongano wa masilahi. Mtu anayenunua korosho kwa kangomba, yaani kwa kibaba majumbani kabla ya msimu kufunguliwa, hawezi kuulinda mfumo anaoukwepa. Vivyo hivyo mwenye lori linalobeba mazao ya chama, muuza pembejeo anayekiuzia chama, na mdaiwa sugu.

Kwa wale waliokwisha kuchaguliwa, wekeni rejista ya masilahi. Kila mjumbe anaandika biashara zake na za watu wa nyumbani kwake zinazogusa chama. Jambo lake likifika mezani, anatoka chumbani, na muhtasari unaandika kwamba alitoka. Kukaa kimya ndani ya chumba hakutoshi, maana wenzake wanaona uso wake wakati wa kupiga kura.

Watia sahihi benki wawe wangapi?

Makundi mawili: kundi A kutoka bodi, kundi B kutoka kwa watendaji, na kila malipo yahitaji sahihi moja kutoka kila kundi. Hundi isisainiwe ikiwa tupu. Hili linasemwa kila mafunzo, na bado mwenyekiti anayesafiri husaini kurasa tano "ili kazi zisikwame". Mwisho wa kila mwezi mhasibu aandae usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha la chama na taarifa ya benki, na mjumbe wa bodi asiye mtia sahihi aupitie na kuusaini. Fedha taslimu za ofisini ziwe na kikomo kilichoandikwa. Makusanyo yote yapelekwe benki yalivyo, na matumizi yatoke benki. Makusanyo yakitumika kabla ya kufika benki, hakuna mkaguzi atakayeweza kuyafuatilia.

Ukomo wa madeni una maana gani kwangu mkulima?

Ni kiwango cha juu kabisa ambacho chama kinaruhusiwa kudaiwa kwa wakati mmoja. Mkiweka milioni 80 na tayari mnadaiwa milioni 50, kilichobaki ni milioni 30, na deni la pembejeo la mkopo limo ndani yake pia. Bodi huwa inawaambia wanachama kiasi inachoomba, bila kusema kile ambacho tayari chama kinadaiwa. Ulizeni yote mawili. Ulizeni pia dhamana ni nini, riba ni kiasi gani kwa mwaka, na zao likianguka deni litalipwa kutoka wapi. Chama kikishindwa, benki itakata kwenye mauzo ya msimu unaofuata, na waliokuwa hawajui habari za mkopo ndio watakaolipa.

SACCOS yetu hukusanya vizuri lakini mikopo haitoki. Kuna nini?

Angalia kwanza madeni ya viongozi na watumishi. Mikopo yao isiwe na masharti mepesi kuliko ya mwanachama wa kawaida, na jumla yake isomwe kwenye mkutano mkuu kama mstari unaojitegemea. Kisha dai orodha ya mikopo iliyochelewa kwa makundi ya siku: hadi 30, 31 hadi 90, na zaidi. Mkopo unaobadilishwa jina kuwa mkopo mpya ili ule wa zamani uonekane umelipwa ni dalili mbaya kuliko mkopo uliochelewa waziwazi, kwa sababu unaficha hasara mpaka akiba za watu ziwe zimeisha.

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, SACCOS inahitaji leseni ili kufanya biashara hiyo, pamoja na kusajiliwa kama chama cha ushirika. Leseni ibandikwe ofisini. Kamati ya usimamizi, ambayo kazi yake ni kuikagua bodi kwa niaba ya wanachama, isichaguliwe kwa kupanga marafiki wa mwenyekiti. Ikikaa mwaka mzima bila kuandika taarifa hata moja, imeshindwa kazi.

COASCO wametukagua na tumepata "hati yenye shaka". Ni vibaya kiasi gani?

Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Hesabu za chama zinapaswa kukaguliwa kila mwaka. Hati safi maana yake hesabu zilizowekwa mezani zinaonyesha hali halisi katika mambo yote ya msingi. Haimaanishi kwamba kila shilingi ilitumiwa kwa busara. Hati yenye shaka inasema kuna maeneo mahususi yenye kasoro, na maeneo hayo yametajwa. Hati isiyoridhisha ni mbaya zaidi: hesabu kwa ujumla wake hazionyeshi ukweli. Mbaya kuliko zote kwa mwanachama ni pale mkaguzi anaposhindwa kutoa maoni kwa kukosa nyaraka. Hapo usikubali jibu la "mvua iliharibu mafaili" bila tarehe, orodha ya kilichoharibika na barua iliyoandikwa wakati huo.

Acheni kusoma jina la hati peke yake. Someni hoja za ukaguzi. Kila hoja iwe na jibu la menejimenti, mwenye kuitekeleza na tarehe. Hoja inayojirudia mwaka wa pili kwa maneno yale yale inatosha kuwa ajenda ya mkutano.

Mizani za kidijitali na mfumo wa MUVU si vimemaliza wizi?

Vimeziba matundu kadhaa. Mizani inayotuma uzito moja kwa moja kwenye mfumo inamnyima karani nafasi ya kuandika 52 mahali pa 52.7, na malipo yanayokwenda kwenye akaunti ya mkulima yamepunguza bahasha zinazopotea njiani. MUVU nayo, mfumo wa Tume wa kusimamia vyama vya ushirika, humwezesha Mrajis kuona taarifa za chama bila kungoja mafaili.

Lakini mfumo hupokea anachoingiza mtu. Mkulima hewa aliyesajiliwa vizuri ana namba ya simu na akaunti. Mtu mwenye nywila ya meneja anaweza kufanya kazi ya meneja, na katika ofisi nyingi nywila imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Orodha ya waliosajiliwa ibandikwe kijijini na kusomwa, kitongoji kwa kitongoji. Majirani ndio wanaojua nani ana mikorosho na nani hana hata mche.

Nimeomba kuona taarifa za chama, nimezungushwa. Nifanye nini?

Nenda kwa hatua, na kila hatua iwe ya maandishi.

Kwanza, andika barua kwa katibu au meneja ukitaja nyaraka mahususi: taarifa ya ukaguzi ya mwaka fulani, muhtasari wa mkutano wa tarehe fulani, orodha ya malipo ya mnada fulani. Barua inayosema "naomba mahesabu yote" ni rahisi kuikwepa. Peleka nakala mbili na ubaki na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Pili, usipojibiwa ndani ya siku ulizotaja, muandikie mwenyekiti wa bodi ukiambatisha barua ya kwanza.

Tatu, mwone afisa ushirika wa halmashauri, kisha Mrajis Msaidizi wa mkoa. Ambatisha nakala za barua, stakabadhi zako na maelezo ya ukurasa mmoja: tarehe, kiasi, mhusika, ushahidi. Usiandike tuhuma usizoweza kuzithibitisha. "Mwenyekiti kajenga nyumba" si ushahidi. "Stakabadhi yangu ina kilo 310 na nimelipwa kilo 280" ni ushahidi.

Panapoonekana wizi, kughushi au rushwa, polisi na TAKUKURU hupokea malalamiko moja kwa moja. Mkiwa wanachama kumi wenye stakabadhi zinazoonyesha kasoro ya aina moja, nendeni na jedwali moja. Litawasaidia kuliko malalamiko kumi tofauti.

Tunaweza kuiondoa bodi kabla ya muda wake?

Ndiyo, kwa mkutano mkuu maalumu. Masharti yenu yanasema ni sahihi za wanachama wangapi zinazotosha kuuitisha. Kusanyeni sahihi zikiwa na namba za uanachama, mtaje ajenda moja au mbili, mkabidhi bodi na nakala kwa Mrajis Msaidizi. Mjumbe anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujieleza kabla ya kura, la sivyo uamuzi utapingwa na kutenguliwa kwa kasoro ya utaratibu. Kura iwe ya siri. Siku hiyo hiyo chagueni warithi au wa muda, mbadili watia sahihi benki, na mfanye makabidhiano kwa orodha: vitabu vya stakabadhi, mihuri, nywila, funguo, daftari la mali. Bodi mpya isiyopokea kwa orodha itabebeshwa upungufu wa iliyotangulia.

Mrajis naye ana mamlaka ya kuchunguza chama, kuiondoa bodi kwa mujibu wa sheria, na kuwatoza waliosababisha hasara walipe. Hatua hiyo ya mwisho haitumiwi inavyostahili. Wanachama huridhika mtu akiondoka, na fedha zao zikaondoka naye. Azimio la kumwondoa kiongozi liwe na aya ya pili inayoomba hasara itathminiwe na ilipwe.

Kenya mambo yako vipi?

Misingi ni ile ile, majina yanatofautiana. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997, Sura ya 490, iliweka kamati ya wajumbe kati ya watano na tisa, na mkutano mkuu kuitishwa kwa taarifa ya maandishi ya angalau siku 15 kamili. Ilitamka pia kwamba wanakamati watabeba kwa pamoja na mmoja mmoja hasara inayotokana na vitendo vyao vilivyo kinyume cha sheria, masharti au maagizo ya mkutano mkuu. SACCO zinazopokea amana husimamiwa na SASRA, mamlaka ya kusimamia SACCO, chini ya sheria ya mwaka 2008. Mkenya anayesoma ukurasa huu atafsiri "bodi" yetu kuwa kamati yake, na mengine ya mizani na stakabadhi yanamhusu vile vile, awe anapeleka kahawa au maziwa.

Mume wangu ndiye mwanachama, lakini shamba tunalima wote. Nina sauti gani?

Kwa sasa huna kura, na ukiwa na dai, chama kitazungumza naye. Sheria haisemi kwamba uanachama ni wa mtu mmoja kwa kila kaya. Soma sifa za uanachama kwenye masharti, na kama unakidhi, omba kwa jina lako, ulipe kiingilio na hisa, upeleke sehemu ya mavuno kwa namba yako. Chama kikikataa, kidai sababu kwa maandishi na ukate rufaa kwa mkutano mkuu. Hakikisha pia fomu ya mrithi ya mwanachama aliyepo nyumbani imejazwa na ni ya karibuni. Hisa na malipo ya msimu wa marehemu hukwama kwa kukosa karatasi hiyo moja, na kuijaza ni kazi ya dakika chache ofisini.